Ghala la Warumi Lililoota Mahindi

Kosa la kwanza naliungama mimi mwenyewe kabla hamjalisikia kwa Ndiema, maana yeye akisimulia hutia chumvi hadi uombe maji. Niliiba mbegu ya mama yangu nikawapa askari wa Kirumi.

Askari wenyewe walikuwa vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi nyekundu, hata mdomo hawana. Lakini mbegu ilikuwa ya kweli: mahindi kumi mazima ndani ya maganda yake, yaliyoning'inizwa juu ya jiko la kuni ili moshi uyakinge na wadudu. Niliyashusha Jumapili moja mama akiwa kanisani, nikayapukuchua yote. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka, kicheko hufika kwanza, aibu inafuata nyuma ikichechemea. Nilirudisha magunzi matupu ndani ya maganda, nikayafunga kwa kamba ileile, nikayaning'iniza palepale. Ukitazama kutoka chini, mahindi kumi. Ukitazama kutoka mbinguni, mwizi mmoja.

Ndiyo, nimeanzia karibu na mwisho. Mtazoea. Sisi wastaafu hatusimulii kwa mpangilio.

Mstaafu wa miaka kumi na saba, mtacheka. Chekeni, lakini mgongo unaniuma kweli. Nimekuwa fundi mkuu wa ngome ya Klabu ya Historia tangu Form One, na sheria ya klabu inasema wa Form Four hagusi tope muhula wa pili, anagusa vitabu. Madam Chebet, mwalimu wetu wa historia, akaniambia niwaachie nyinyi wa Gredi ya Kumi kurasa mbili kwenye faili ya klabu. "Waandikie ulichojifunza," akasema. Nikamuuliza kama kurasa mbili zitatosha. Akasema kwa niliyojifunza zitabaki.

Haya. Ngome mmeiona. Iko ndani ya kile kibanda cha zamani cha baiskeli nyuma ya jikoni ya shule, hatua sita kwa nne, tope tupu, na harufu ya kinyesi cha ng'ombe inayowafanya wasichana wa Klabu ya Muziki wapite mbio. Ni mfano wa ngome ambazo Warumi walijenga kwenye mipaka ya milki yao, huko kwenye baridi ya Ulaya, zamani sana. Msinidharau kwa sababu ni ya tope. Hata wao wengi walianza na tope na mbao. Mawe yalikuja baadaye, kama kwetu.

Nawaambia kwanza habari ya pembe.

Nilipopewa kazi nilidhani ngome ni sanduku. Nikajenga ukuta wenye kona nne kali kama za daftari, nikazipima kwa vyombo vya hesabu, nikaita watu waje waone. Siku ya pili zikapasuka. Siku ya tatu kona mbili zilikuwa zimelala chini. Nilikuwa nimesimama hapo, mikono kiunoni, nikitafuta wa kulaumiwa, ndipo akaja Kuka Simiyu, soja wetu wa geti. Sote humwita Kuka, yaani babu, na kabla ya kushika rungu alikuwa fundi wa nyumba za udongo pande zote za Bungoma. Alikuwa na kikombe chake cha chai.

"Nani amejenga hii kitu?"

"Mimi, Kuka."

"Pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kupoteza matope." Akanywa chai. "Matope haipendi kona, kijana. Kona inakauka pande mbili mara moja, inajivuta, inapasuka. Na mbuzi akipita lazima ajikune hapo. Zungusha."

"Lakini Kuka, hii ni ya Warumi."

"Hao Warumi walikuwa na matope gani? Ya supamaketi?"

Madam Chebet alikuwa amesikia. Alienda ukutani, kwenye ule mchoro wa ngome alioutundika mwezi mzima, akaweka kidole kwenye kona. Kona ilikuwa mviringo. Zote nne, kama za karata. Nilikuwa nimeutazama mchoro ule kila siku bila kuuona.

Kuka akausogelea, akautazama sana, akatikisa kichwa kwa heshima. "Si nilisema? Hao ni watu wa Bungoma."

Kwa hivyo somo la kwanza la kazi: kabla hujachanganya tope, muulize mtu aliyewahi kulala ndani ya nyumba ya tope aliyoijenga mwenyewe. Na tope lenyewe lichanganywe leo litumike kesho kutwa, likiwa na nyasi zilizokatwa fupi. Ukilifinya likatoka maji katikati ya vidole, bado. Likibaki na alama za vidole vyako, tayari. Hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha historia, na msimuulize Madam, atawatuma kwa Kuka.

Sasa choo. Najua mlikuwa mnakisubiri.

Ndiema ni rafiki yangu na msaidizi wangu, kwao ni Kapsokwony juu kule mlimani, mahali ambapo ukiangusha viazi unavikuta kwa jirani. Mwaka wetu wa pili nilimpa choo cha askari akijenge. Choo cha Warumi kilikuwa kitu cha maana: benchi refu lenye mashimo, watu wanakaa wamepangana wakipiga stori, chini unapita mfereji wa maji. Ndiema alikijenga vizuri, hadi nikamwonea wivu. Akakiweka kona ya juu ya ngome, kwa sababu, alisema, askari wastahili kuona mandhari.

Siku alipokimaliza, naibu wa mwalimu mkuu alikuja kukagua klabu. Ndiema akataka kumwonyesha mfereji unavyofanya kazi. Akamimina jagi zima la maji. Maji yakaingia chooni kwa heshima, yakapita chini ya benchi, yakatoka, yakateremka mpaka jikoni, yakapita katikati ya bweni la askari, yakaingia sebuleni kwa kamanda, na mwisho yakaja kutulia kwenye viatu vya naibu wa mwalimu mkuu.

Naibu akainua mguu mmoja, kisha wa pili.

"Ndiema," nikasema, "wewe ni mtu wa Kapsokwony. Wewe ndiye ungejua maji hayapandi!"

"Nilijua hayapandi," akasema. "Sikujua yatashuka hivyo."

Kwenye ngome halisi choo hukaa kona ya chini kabisa, na maji ya kukisafisha hukusanywa kutoka sehemu za juu, yale yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Sasa mnajua, na viatu vyenu ni vikavu. Bafu nalo Warumi waliliweka mara nyingi nje ya ukuta, kwa kuwa bafu lao lilikuwa na moto mkubwa chini ya sakafu, na moto si wa kulala nao karibu. Matanuri ya mkate pia waliyasukuma hadi kwenye kingo za ukuta, mbali na mabweni. Mtu aliyepanga hayo alikuwa ameunguliwa na kitu. Hakuna anayepanga vizuri hivyo bila kuunguliwa.

Mabweni yenyewe wale wenu waliowahi kulala shule watayaelewa bila mwalimu. Ni jengo refu, vyumba vimepangana, askari wanane kila chumba: mbele wanaweka vyombo, nyuma wanalala. Kichwani mwa jengo kuna nyumba kubwa ya kiongozi wao, anayelala peke yake na kukoroma anavyotaka. Mnamjua. Kila bweni duniani lina mtu huyo.

Na barabara ni chache, msijichanganye. Lango moja kila upande, manne yote. Barabara moja inakata ngome upande hadi upande, nyingine inatoka lango la mbele inaigonga hiyo, na zinapokutana ndipo penye makao makuu: ua mkubwa, ukumbi, na nyuma kabisa chumba cha kutunzia bendera zao, ambazo waliziheshimu kuliko watu. Ni kama ofisi yetu. Ukitoka geti kwa mwendo wa aliyechelewa, miguu inakupeleka yenyewe mbele ya ofisi. Kando ya makao makuu, upande mmoja ni nyumba ya kamanda. Upande mwingine ni maghala.

Nitafika kwenye maghala. Acheni nipumue.

Malango kwanza. Kwa muda mrefu niliamini lango la ngome ni mahali pa kuchomea watu mikuki. Mama ndiye aliyenitoa ujinga bila kujua. Tulienda naye Lwakhakha, mpakani, kununua maharagwe, na nikakaa nusu siku nikitazama watu wakivuka kwenda Uganda na kurudi: ndizi zinakuja, sabuni zinaenda, mwanamke ana shangazi huku na shamba kule, afisa anatazama vitambulisho huku anakula mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyechomwa mkuki. Niliporudi shuleni nikapanua malango yote na nje yake nikajenga kijiji: vibanda, wauza chakula, fundi viatu, mama mmoja wa kifuniko cha soda ya machungwa anayeuza maharagwe. Madam akasema vijiji vya namna hiyo vilikuwepo kweli nje ya ngome nyingi. Akaniuliza nilisoma wapi. Nikasema Lwakhakha. Mpaka unahitaji mtu wa kujua nani ameingia na nani ametoka. Hiyo ni kazi ya Kuka, tofauti ni kofia.

Basi. Ghala.

Mwaka jana, muhula wa kwanza, shule ilitangaza siku ya wazazi, na klabu zote zionyeshe kazi zao mbele ya mgeni wa heshima. Nilitaka ngome yetu iwe na kitu ambacho watu wakifungua paa watasema "Eeh!" Nikaamua ghala liwe na nafaka ya kweli. Nikajaribu mahindi ya kawaida ya dukani, punje zikaonekana kama mawe ya kujengea. Madam alikuwa anatusumbua kila siku, "Kipimo, vijana, kipimo!" Nilihitaji punje ndogo. Na punje ndogo nilizijua ziliko.

Juu ya jiko letu kulikuwa na mahindi ya Kukhu. Kukhu ni nyanya yangu, mamake mama, anaishi Bungoma. Mahindi yake ni ya zamani, si ya pakiti: madogo, mengine meusi, mengine mekundu, mengine ya manjano, yote kwenye gunzi moja kama watu kwenye ibada. Aliyapata kwa mama mkwe wake akiwa bibi harusi, akayapanda kila mwaka hadi magoti yakakataa. Shamba lake sasa limemezwa na miwa. Krismasi iliyotangulia alimpa mama yale kumi ya mwisho na kumwambia, "Haya ndiyo yamebaki duniani. Ukiyapoteza, usinipigie simu."

Mama akayatundika. Kila asubuhi akiwasha moto alitazama juu na kuyasalimu, "Mulembe." Amani. Mimi nilidhani ni mchezo.

Nilijiambia nitazirudisha punje baada ya maonyesho, hata moja haitapotea. Na zilipendeza, sitawadanganya. Ghala lilikuwa la urefu wa mita moja, kuta nyororo, na punje zile za rangi ndani zilimetameta. Nikalifunika kwa paa la udongo mbichi, nikaziba kila ufa kwa kidole, hata panya wa Kirumi asipate pa kupumulia. Nikajipongeza.

Lakini nilikuwa nimezaliwa na kukulia kando ya ghala la mama, na ghala la mama limesimama kwa miguu sita, na pande zake zina nafasi ambazo upepo hupita ukipiga mluzi. Miaka kumi na sita nilicheza chini ya ghala lile, nikajificha chini yake nisichote maji, nikagonga kichwa kwenye mbao zake. Sikuwahi kuuliza kwa nini lina miguu.

Wiki mbili baadaye mvua ikashuka. Jumanne jioni mama alikuwa anasonga ugali huku anaimba.

"Baba," akaniambia. Huniita Baba kwa sababu nilirithi jina la babake, na akiniita hivyo mambo ni shwari. "Jumamosi usiende popote. Ardhi imelainika. Tutashusha mahindi ya Kukhu tupande."

"Jumamosi hii?"

"Kuna nyingine unaificha?"

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Asubuhi ya Jumatano nilifika shuleni kabla Kuka hajafungua geti. Ndiema akanikuta nimepiga magoti mbele ya ghala. Paa lilikuwa limepasuka katikati, na kwenye ufa ule kulikuwa kumesimama jani. Kijani, jembamba, limejikunja ncha, likinitazama.

Tukainua paa. Yalikuwa mengi. Meupe, ya kijani, yamesukumana, mizizi imesokotana kama nywele za mtu aliyekosana na kitana. Chini yake punje nyingine zote zilikuwa zimeoza na kunuka. Unyevu wa tope la chini, joto la paa lililozibwa, hakuna hewa: nilikuwa nimejenga kitalu nikakiita ghala.

"Buda," Ndiema akasema polepole, "jeshi lako limeanza kilimo."

Sikucheka. Mimi, nisicheke. Ndiema akaogopa, akaenda kumwita Madam.

Madam Chebet aliinama, akatazama, akavua miwani, akavaa tena. "Wafula. Hayo ni mahindi?"

"Ndiyo, Madam."

"Warumi waliyatoa wapi mahindi?"

Nikafikiri. "Kitale?"

"Mahindi ni ya Amerika. Yamevuka bahari juzi tu. Hawa watu wako waliishi na kufa bila kuonja ugali hata siku moja. Ghala lao lilikuwa na ngano."

"Kwa hivyo nimeiba bure?"

Ndipo nikasikia nilichosema.

"Umeiba nini?" akauliza Madam.

Nikamwambia yote, na magunzi pia. Nilipofika kwenye magunzi alifunika mdomo kwa mkono na mabega yakatikisika, na sijui hata leo kama ilikuwa hasira. Kisha akawa serious kabisa. "Mama anakuja Ijumaa?"

"Anakuja. Ameshapiga pasi nguo."

"Basi una siku mbili za kumwambia. Mimi sitamwambia. Na ghala hilo lijengwe upya, hivi lilivyo ni aibu ya milki nzima."

Kuka alikuwa amesimama mlangoni na chai yake. Alikuja, akachomoa mche mmoja taratibu. Punje ilikuwa bado imeshikilia chini, nyekundu.

"Mche umekufa, Kuka?" nikamuuliza.

"Huu? Huu haijakufa. Huu iko na haraka tu." Akanitazama. "Leta pakiti za maziwa. Nenda jikoni, wapishi hutupa nyingi. Toboa chini. Weka udongo. Na usivute mizizi kama unang'oa magugu, fungua kama unafungua mtoto nepi. Kesho kutwa ikianguka mvua unaingiza kwa shamba na udongo yake."

Tulitenganisha miche mapumziko yote ya siku ile, vichwa vitatu vimeinama, Ndiema akihesabu. Sabini na moja. Sabini na moja, kutoka yale ya mwisho duniani.

Na ghala tukalijenga upya. Sikilizeni vizuri hapa, hii ndiyo sehemu ya kazi. Chini tulipanga vipande vya magunzi vilivyokatwa urefu sawa, kila kimoja kimepakwa udongo, safu kwa safu kama askari: hizo ndizo nguzo. Juu yake sakafu nyembamba tuliyoikausha juani kwanza, si mbichi. Kwenye kuta, chini ya sakafu, tukatoboa matundu kwa kalamu ya biro, upepo uingie huku utokee kule. Kuta za ghala Warumi waliziongezea mihimili ya nje, minene, kwa sababu nafaka ikijaa husukuma kama watu wa mkutano wa siasa, tukaiweka. Paa likatokeza mbali kupita kuta, maji ya mvua yadondoke mbali. Ndani, kiganja kimoja cha ngano kavu. Nilipomaliza niliketi nikalitazama, na nikaona ghala la mama. Lilikuwa ghala la mama, la mita moja.

Jumatano jioni sikumwambia. Alhamisi asubuhi nilifungua mdomo, mama akiwa amepiga magoti jikoni anapuliza moto. Akatazama juu, akasema, "Mulembe," kwa magunzi yangu. Nikafunga mdomo.

Ijumaa akaja. Gauni la kanisani, kitambaa kichwani, na majirani wawili wa kushuhudia. Alikuwa amewaambia mwanawe ni injinia. Mgeni wa heshima, mama mmoja mrefu kutoka ofisi ya elimu, alifika kwenye kibanda chetu, na wazazi wakajaa nyuma yake. Ndiema akaeleza malango. Akaeleza choo kwa fahari, mahali pake papya. Mimi nikafungua paa la ghala. Watu wakasema "Eeh!" kama nilivyoota.

"Na hii sakafu imeinuliwa kwa nini?" akauliza mgeni.

"Hewa ipite chini, nafaka isishike unyevu," nikasema.

"Vizuri sana. Mlijuaje? Mlisoma?"

Ndiema alikuwa tayari kusema tulisoma. Nilimwona anavuta pumzi. Mama alikuwa pale, mstari wa pili, ametabasamu hadi masikioni, na kesho angepanda kigoda, ashushe mahindi, avue ganda la kwanza mbele yangu. Hilo ndilo sikuliweza. Mkono wake ukiwa ndani ya ganda tupu.

"Hatukusoma," nikasema. "La kwanza nililijenga vibaya. Niliweka mahindi, yakaota. Yalikuwa mbegu ya nyanya yangu, na niliiba."

Wazazi wakacheka sana, maana walidhani ni mzaha, mimi nikiwa nani. Mama hakucheka. Alitoka kwenye mstari. Pakiti za maziwa zilikuwa zimepangwa chini ya benchi, yeye akaziona kabla sijamwonyesha. Akainama na gauni lake la kanisani, akafukua udongo kwa kidole kwenye moja mpaka akaiona punje. Nyeusi.

"Hii ni ya mayi," akasema, yaani ya mama yake. Akanigeukia. "Na hayo yaliyo juu ya jiko?"

"Magunzi, Mama."

"Magunzi."

"Ndiyo."

"Wafula. Mimi nimekuwa nikisalimia magunzi kila asubuhi?"

Sasa ndipo walipocheka. Mgeni wa heshima alishika nguzo ya kibanda. Kuka akamwaga chai. Hata jirani zake, wale mashahidi, walishikana mabega. Mama alijaribu kubaki na uso wake, nawaapia alijaribu, lakini mdomo ulimsaliti upande mmoja, akageuka upesi na kuniambia nibebe pakiti.

Tulishika nambari ya pili. Ya kwanza ilikuwa Klabu ya Sayansi, na volkano yao ya povu la sabuni. Sina kinyongo. Povu limekauka, ngome ipo.

Msidhani niliponea hapo. Jioni mama aliniwekea sahani mezani: sukuma wiki, na mahali pa ugali, magunzi mawili, yamepangwa vizuri. "Karibu, injinia." Kisha akaniletea ugali wangu, na kunipa simu nimpigie Kukhu mwenyewe. Kukhu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja tu: yaliyoota yako mangapi? Nikasema sabini na moja. Akasema yeye alianza na mashimo ishirini, kisha akataka kujua kama hao Warumi walikuwa Wakatoliki.

Jumamosi tulipanda, mama, mimi, Ndiema, na Kuka aliyekuja kusimamia na kikombe chake. Mengine hayakushika. Mengi yalishika. Yalikuwa mafupi kuliko ya jirani na hayakuanguka hata upepo ulipoyalaza yale ya jirani ya mbegu za pakiti. Tulivuna kapu moja tu lililojaa, likamtosha mama kucheza nalo uani kama mtoto.

Kwa hivyo, wenzangu, nawaachia ngome. Kona zenu ziwe mviringo, choo kikae chini, moto ukae mbali, na mtu akiwauliza kwa nini ghala lina miguu, msimjibu kutoka kwenye kitabu kabla hamjachungulia chini ya ghala la kwenu. Na mkiotesha miche, muikinge na Ndiema, hukanyaga.

Jioni ile baada ya kuvuna, mama alichagua mahindi kumi yaliyonona kuliko yote, akayafunga kwa kamba na kupanda kigoda. Nilimshikia kigoda. Alipomaliza kuyatundika hakushuka mara moja. Alinitazama kutoka juu, karibu na moshi, akasema:

"Baba, haya nimeyahesabu, na nimeyafinya moja moja. Ni ya Kukhu. Warumi wako wakisikia njaa, waje na ngano yao."